Kiogiek cha Mau au Kisuba cha Mfangano: lugha ipi ya kuandikia tasnifu?

Hakuna muhula unaopita bila mwanafunzi kuniuliza swali hili. Anayesoma Njoro huniambia Waogiek wako hapo juu tu kwenye msitu wa Mau, Nessuit na Mariashoni, matatu moja na boda moja, sasa ya nini kuhangaika na mashua? Wa Maseno naye ameshajiona ameketi kisiwani Mfangano, Ziwa Victoria, na kinasa sauti chake, ngege wa kukaanga akimngoja jioni. Wote wawili wamesikia kwamba lugha zilizo hatarini kutoweka zina wafadhili. Swali ninalolingoja mimi hawaniulizi: nikishafika huko, nifanye nini hasa?

Nimezifanyia kazi zote mbili. Kisuba kwa miezi mitano mfululizo, Kiogiek kwa vipande vya likizo tangu nihamie Nakuru. Sikuzaliwa ndani ya yoyote kati yake. Kwetu ni Butere na Kimarama ndicho nilichonyonya. Kwa hiyo sina upande, ila maoni ninayo.

Nani anaimeza

Tuanzie hapa, maana hapa ndipo lugha hizi mbili zinapoachana kabisa, na mengine yote yanafuata.

Kisuba kinamezwa na mgeni. Wenyewe wanakiita Olusuba, na ni Kibantu. Masimulizi ya koo zao yanawaleta kutoka upande wa Uganda hadi visiwa vya Mfangano na Rusinga na pwani ya Gwassi na Kaksingri, ambako wakakutana na Wajaluo, na Dholuo ni Kiniloti. Wanaume wa Kisuba wakaoa wanawake wa Kijaluo, na mtoto hufuata ulimi wa mama. Shule ikaja na vitabu vya Dholuo, kanisa likaja na Biblia ya Dholuo, soko likawa la Dholuo. Rusinga ikaenda mapema, Mfangano ikashikilia zaidi. Mwaka 1986 Franz Rottland, Mjerumani aliyezijua lugha za Kalenjin kuliko watafiti wengi, pamoja na Duncan Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika makala kuhusu Wasuba ambayo hoja yake bado inanishangaza: Usuba ulikuwa unakua huku Kisuba kikipungua. Watu walizidi kujivunia kuwa Wasuba, na walikuwa wanajivunia kwa Dholuo.

Ndiyo maana nakuonya usiichukue sensa ukaifanya ukurasa wako wa kwanza. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wasuba zaidi ya 157,000. Karani wa sensa anauliza wewe ni kabila gani. Hakuulizi unamkemea mtoto kwa lugha gani.

Kiogiek kinamezwa na ndugu. Kimo katika kundi la Kalenjin pamoja na Kipsigis, Kinandi na Kitugen, na hao ndugu ndio waliowazunguka Waogiek wa Mau kwenye mashamba, shule na ndoa. Hapa hakuna mshono unaoonekana. Mzee wa Mfangano akianza sentensi kwa Kisuba na kuimalizia kwa Dholuo, hata mimi nasikia mahali alipovuka. Mzee wa Mariashoni anaweza kusimulia kwa nusu saa akiingia na kutoka Kipsigis, na usijue. Nimekaa na wazee wawili wakabishana kama neno fulani la sehemu ya mzinga ni lao au ni la jirani, chai ikapoa, na hatukuafikiana. Katika daftari langu neno lile bado lina alama ya kuuliza.

Tena jina lenyewe "Ogiek" linafunika usemi zaidi ya mmoja. Waogiek wa Chepkitale, Mlima Elgon, wanasema karibu na Kisabaot, lugha nyingine ya Kalenjin. Wa upande wa Narok, ambao Corinne Kratz, mwanaanthropolojia wa Marekani, amekuwa akifanya kazi nao tangu miaka ya 1970, wana majirani wengine. Usemi wa Kinare, upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, umekwisha. Ukiandika "sarufi ya Kiogiek" bila kusema ni ya kijiji gani, mtahini anayeijua kazi atakuuliza swali moja tu na utatokwa jasho.

Kuna mtego wa ziada kwa wanafunzi wa Kipsigis, ambao ndio wengi wanaokuja kwangu. Wanadhani wana bahati, na kweli wanayo: watasikia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, ambazo mimi nilizihangaikia wiki nzima. Lakini mzee wa Kiogiek akimwona kijana wa Kipsigis mbele yake, humsogelea kwa ulimi, kama sote tunavyofanya kwa mgeni tunayeelewana naye. Anakupa Kipsigis chenye harufu ya Kiogiek, nawe unarudi Njoro ukifurahi kwamba lugha hizi zinafanana sana. Dawa yake ni kutohoji. Waache wawili wao wazungumze wenyewe kwa wenyewe, wewe uwe wa kuchochea moto.

Sikio lako linaweza nini

Kisiwani Mfangano kuna kituo cha jamii chenye redio inayotangaza kwa Kisuba, nacho kinaitwa Ekialo Kiona. Maana yake ni ulimwengu wote. Mara ya kwanza kuona kibao chake nilicheka peke yangu, kwa sababu kwetu Butere tunasema "eshialo", na Mganda akisikia "ekyalo" atafikiria kijiji. Sasa tazama upatanisho: ki- kwenye nomino, ki- kwenye kivumishi. Ni ngeli ile ile ya "kijiji chote" uliyofundishwa darasa la tano. Msemaji wa Kiswahili, Kiluhya, Kigusii au Kikuria anaingia Kisuba akiwa na ramani mkononi. Hataelewa kila kitu, lakini atajua mlango uko wapi, na kwa tasnifu ya mwaka mmoja hilo si jambo dogo.

(Usijidanganye tu kwamba Kibantu maana yake ni rahisi. Lugha nyingi za Kibantu za kando ya ziwa zina toni, na Kiswahili ndicho kilichotuharibu masikio kwa kutokuwa nazo.)

Kiogiek hakikupi ramani hiyo. Kama lugha nyingine za Kalenjin, kitenzi hutangulia, kisha mtenda, kisha mtendwa. Irabu zinaandikwa kwa herufi tano zile zile tulizozoea, lakini mdomoni ziko seti mbili, moja shina la ulimi likisogea mbele na nyingine likirudi nyuma, na juu ya hayo kuna ndefu na fupi. Halafu yaja lile linalowatoa watu machozi: nani amefanya na nani amefanyiwa hutofautishwa kwa toni. Maneno ni yale yale, herufi ni zile zile, na kinachokuambia kama mbwa amemuuma mtu au mtu amemuuma mbwa ni sauti kupanda na kushuka. Ukiyaandika kwa tahajia ya kawaida, umeitupa sarufi nje ya dirisha.

Kwa hiyo kwa Kiogiek rekodi mbaya ni kazi iliyokufa. Kuna programu ya bure iitwayo Praat, waliyoitengeneza Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, inayokuchorea mstari wa toni ukautazama kwa macho. Inasaidia sana. Haisaidii chochote kama nyuma ya sauti ya mzee kuna mvua juu ya mabati, na Mariashoni mvua ni ya kila alasiri. Nina dakika 50 za bibi mmoja akieleza namna nyuki wanavyohama kufuata maua, maelezo ambayo sijayasikia tena, na kuanzia dakika ya 12 ni kama anazungumza ndani ya sufuria la mahindi yanayokaangwa. Nilimwona anainua mikono kuonyesha ukubwa wa kundi la nyuki, nikawa natikisa kichwa kwa furaha, sikujua kwamba kipaza sauti kinakusanya mabati tu. Sikuvaa visikizi. Vaa visikizi.

Kurekodi, kuandika sarufi, au kufundisha

Hapa ndipo ungepaswa kuanza kuchagua, kabla hata ya lugha.

Mwaka 1992 Michael Krauss, aliyekuwa akizihudumia lugha za wenyeji wa Alaska, aliwatisha wanaisimu wenzake kwa makisio kwamba huenda asilimia 90 ya lugha za dunia zikafa au zikawa mahututi ndani ya karne hii ya 21. Pesa zikaanza kutoka. Ujerumani, wakfu wa Volkswagen ukafungua mwaka 2000 mradi wa DOBES wa kuhifadhi lugha zilizo hatarini. Uingereza, mfuko wa ELDP wenye lengo hilo hilo ukaanza mwaka 2002 pale chuo cha SOAS, London, ukiwa na hifadhi yake ya sauti, na siku hizi umehamia Berlin. Katikati ya hayo, mwaka 1998, mwanaisimu Nikolaus Himmelmann aliandika makala iliyotenganisha mambo mawili ambayo hadi hapo yalichanganywa. Kuikusanya lugha ni kazi moja: sauti, video, mazungumzo, nyimbo, matusi, vyote vikiwa na maelezo ya nani alisema, wapi, lini, na tafsiri yake. Kuichambua ni kazi nyingine: sarufi, kamusi, makala.

Mimi nasema hivi, na wapo wasimamizi watakaokasirika. Sarufi inaweza kutolewa kwenye rekodi miaka 30 baadaye na mtu ambaye hajazaliwa. Rekodi haiwezi kutolewa kwenye sarufi. Kwa hiyo swali la kwanza ni umri wa wasemaji wako wazuri. Wakiwa na miaka 75, rekodi kwanza, uchambuzi utakusubiri.

Shida ni kwamba chuo hakikupi digrii kwa kurekodi. Mimi niliambiwa wazi kwamba saa 11 za sauti si hoja, nilete hoja. Nikaleta: sura tano kuhusu upatanisho wa ngeli katika Kisuba, na zilipita. Zile saa 11 nikaziacha kwenye flashi kwa katibu wa kikundi kimoja kijijini, nakala nyingine kwenye kompyuta yangu. Kompyuta ikaibwa kwenye matatu. Niliporudi kisiwani, flashi ilikuwa imefutwa ikajazwa nyimbo za injili, na katibu alinionyesha bila aibu, kwa sababu alidhani nilimpa flashi. Nilizookoa ni saa mbili nilizokuwa nimemtumia rafiki Eldoret. Sura tano zipo maktabani na nakuhakikishia hakuna bibi hata mmoja wa Mfangano aliyezisoma.

Kwa hiyo mwombe msimamizi mkubaliane mapema: hoja yako ni ndogo, labda kipengele kimoja tu, lakini nyuma yake kuna hifadhi iliyowekwa mahali pa kudumu. Sauti iwe faili la WAV lisilobanwa, si MP3 iliyobanwa, na usiniambie umerekodi kwa WhatsApp. Unukuzi ufanye kwa ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, inayokuwezesha kufunga kila sentensi na sekunde zake. Na ujihesabie muda kwa ukweli. Dakika 10 za mazungumzo ya watu watatu zilinila siku nzima ya kazi, na hapo nilikuwa na msaidizi anayeijua lugha.

Kwa upande wa kamusi, Kiogiek kinashinda bila mjadala, ila kianzie mahali sahihi. Achana na orodha ya kichwa-jicho-sikio ambayo kila mtafiti hubeba. Kwenye orodha hiyo Kiogiek na Kipsigis vitaonekana mapacha. Anzia kwenye asali. Mti unaofaa kuchongwa mzinga, mti unaopendwa na nyuki ukichanua, asali ya msimu huu na ya msimu ule, kamba, moshi, kupanda, kurina. Kuna sababu ya kuamini hapo ndipo lugha hujificha. Kule Mukogodo, Laikipia, Wayaaku waliiacha lugha yao ya Kikushi wakachukua Kimaasai, na mwanaisimu Matthias Brenzinger alipochunguza Kimaasai chao alikuta maneno ya Kiyaaku yamebaki, hasa yale ya nyuki na ya mwituni. Wafugaji waliowapa lugha mpya hawakuwa na maneno hayo ya kuwapa.

Basi nikaenda Mfangano nikitegemea mambo yawe hivyo hivyo, mahali pa nyuki niweke samaki. Nilikosea. Wavuvi niliozungumza nao walinipa Dholuo mtupu: ngege, mbuta, omena, majina yale yale ya soko la Kisumu. Nikifikiri sasa naona kwa nini. Samaki huvuliwa ili auzwe, na soko lilikwisha kuwa la Dholuo. Mbuta mwenyewe ameletwa ziwani miaka ya 1950, hakuna babu aliyemwachia jina la Kisuba. Kisuba kinono nilikipata kwenye historia za koo, nani alikuja na mashua gani, nani alimnyang'anya nani ufuo, na kwenye matusi ya kale ambayo wazee walinipa wakicheka na kunikataza kuyaandika. Sikuyaandika.

Kufundisha na kufufua ni njia ya tatu, na wengi huitamani kwa sababu inapendeza kwenye ombi la ufadhili. Kikatiba una pa kusimama: kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na ilinde lugha za Wakenya, na mtaala wa CBC una somo la lugha za asili gredi ya 1 hadi ya 3. Kisuba kimetangulia hapa. Kina Agano Jipya, kina redio, kina vijana wanaokitangaza hewani hata kama nyumbani wanasema Dholuo. Kalifornia, mwanaisimu Leanne Hinton na wenzake walianzisha miaka ya 1990 mpango wa kumfunga mzee mmoja na kijana mmoja, wakae pamoja saa nyingi kila wiki wakipika, wakifua, bila Kiingereza. Mpango huo ungefaa Mfangano, hauhitaji darasa wala chaki.

Lakini kabla hujaombea watu ufufuo, sikiliza kisa kimoja. Mwaka ule ule wa 1992 mwanafonetiki Peter Ladefoged alimjibu Krauss na kundi lake kwa kumtaja mzee Mdahalo, msemaji wa Kidahalo, lugha ndogo ya kule pwani yetu. Alimwuliza kama wanawe wanasema Kidahalo. Mzee akamwambia wanakisikia tu, wanasema Kiswahili. Na alikuwa anatabasamu. Alijivunia kwamba wamesoma. Ladefoged akauliza, mimi ni nani wa kumwambia amekosea? Mwaka uliofuata mwanaisimu Nancy Dorian akamjibu kwamba mambo si mepesi hivyo, kwamba wajukuu huja kuwauliza wazee kwa nini hawakurithishwa. Nauweka ubishi huu hapa kwa sababu sisi tunaoandika Kiswahili hatuko nje yake. Kilichokimeza Kidahalo hakikuwa Kiingereza, kilikuwa Kiswahili.

Jaribio la jioni

Mwaka 2003 wataalamu wa UNESCO walitoa vigezo tisa vya kupima uhai wa lugha, na cha kwanza ni kama wazazi wanairithisha kwa watoto. Ukitaka kukipima bila fomu, keti nje ya nyumba saa kumi na moja jioni, wakati watoto wanaitwa kuoga. Sikiliza wanaitwa kwa lugha gani na wanaitika kwa ipi.

Nyumba niliyokaa Mariashoni, kogo, yaani bibi, aliwaita wajukuu kwa Kiogiek. Mkubwa akaitika kwa Kiogiek, mdogo akaitika kwa Kiswahili, na mama yao akawahimiza kwa kitu ambacho sikuweza kuamua kama ni Kiogiek au Kipsigis. Mfangano, aliyeita alikuwa bibi yule yule aliyenipa Kisuba safi kuliko wote, mwenye masimulizi ya saa nzima bila neno la kuazima. Aliita kwa Dholuo.

Nikamwuliza, "Dani, mbona mjukuu humwiti kwa Kisuba?"

Alikuwa anasugua beseni. Hakuinua kichwa. "Nyathina, nikimwita kwa Kisuba ataitika nani?"

Tazama hata sisi wawili, mimi nilimwita dani, bibi, naye akaniita nyathina, mwanangu, yote maneno ya Dholuo, na tulikuwa tumeshinda mchana kutwa tukirekodi Kisuba.

Njia na karatasi

Gharama za safari hazipishani kama watu wanavyodhani. Kutoka Nakuru unaingia Mau kupitia Njoro au Elburgon na unaweza kurudi usiku huo huo, ingawa wakati wa mvua boda haipandi na utatembea. Kutoka Kisumu unakwenda Luanda K'Otieno, unavuka kwa feri hadi Mbita, kisha mashua hadi kisiwani. Au unazunguka kwa barabara kupitia Homa Bay. Ukishafika hurudi leo, na hiyo ni faida, kwa sababu lugha husikika usiku. Upepo wa ziwa hupiga kipaza sauti kama ngoma, kivike kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo au rekodi ndani ya nyumba.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni lazima kokote. Anza mapema, kisha upitie ofisi za kaunti na kwa chifu. Tangu 2016 kuna pia sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na wazee wengine wanaijua kuliko wewe.

Ila kwa Waogiek karatasi si utaratibu mtupu. Hawa ni watu waliofukuzwa msituni mara kwa mara, wakaipeleka serikali ya Kenya kwenye Mahakama ya Afrika huko Arusha, wakashinda tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi ya mababu zao itambuliwe. Jina la kilima au la mto katika kinasa sauti chako linaweza kuwa ushahidi wa nani aliishi wapi. Kwa hiyo usishangae mzee akikuuliza maswali kabla hujamwuliza lako.

"Sauti yangu utaipeleka wapi?" mmoja aliniuliza.

"Itahifadhiwa, mzee. Nakala moja itabaki kwenu."

"Na ile nyingine ataisikiliza nani?"

Nilimweleza kwamba hifadhi nzuri hukuruhusu kufunga baadhi ya faili, kwamba anaweza kuniambia hili lisikilizwe na wote, hili na ukoo wake tu. Akafikiri. Tukakaa hadi jioni tukizungumzia mbuzi. Siku ya pili akaniita mwenyewe, akanipa masimulizi ya mizinga, na akasema majina ya mahali hatayasema. Kwenye fomu ya ridhaa tuliandika hivyo. Mwanafunzi mwenye miezi mitatu anaweza kuona hiyo ni siku iliyopotea. Kama unaona hivyo, Mau hapakufai.

Mfangano hakuna kitu kama hicho, angalau si kwa uzito huo. Watu wamezoea watafiti, pengine wamechoka nao. Swali utakaloulizwa ni lile la wachovu: yule wa mwaka juzi alituahidi vitabu, viko wapi?

Basi

Ukiwa Mkalenjin, una miaka miwili au zaidi, na una msimamizi anayejua toni, nenda Mau. Chagua kijiji kimoja, chagua nyuki na miti, fanya kamusi yenye sauti kwa kila neno, na acha suala la "ni lugha au ni lahaja" libaki sura moja fupi. Kwa hesabu ya sensa ya 2019, Waogiek walikuwa 52,596, na kuna nyumba ambazo watoto bado wanaitika. Kazi hiyo ina mtumiaji.

Ukiwa Mluhya, Mgusii au Mkuria, una mwaka mmoja, nenda Mfangano, na nenda kurekodi. Mazungumzo ya wazee wawili-wawili, historia za koo, saa 10 zilizonukuliwa vizuri ni bora kuliko 40 zilizolala. Ukiwa Mjaluo, nenda huko huko, lakini chukua msaidizi Msuba na umwachie maswali, la sivyo kila mtu atakujibu kwa Dholuo kwa adabu tu. Hoja ya tasnifu utaipata kwenye mishono: mahali ambapo Kisuba kinaachia na Dholuo kinashika.

Ukiwa mwalimu na digrii si shida yako, achana na tasnifu, nenda kwenye redio ya Ekialo Kiona uulize wanahitaji nini wiki hii.

Na ukiwa bado unasitasita kwa sababu wasemaji wa Kiogiek ni wengi zaidi na unaona hapo kuna data ya kutosha, basi hiyo ndiyo sababu ya kuanza na Kisuba. Yule dani wa beseni alikuwa na miaka 81 nilipomrekodi. Katika zile saa mbili zilizobaki Eldoret, zake ni dakika 35.